Tikitimaji la Mkutano Mkuu

Wiki iliyopita tulimwacha Bi Verna Stallworth jikoni kwake, birika mkononi, akimimina kahawa mezani badala ya kikombeni, kwa sababu Bwana Oyler wa bima alikuwa amemuuliza swali moja tu.

"Nani aliyetia vodka kwenye tikitimaji?"

Kahawa imeshafutwa. Swali bado lipo.

Verna aliketi. Alikuwa mjane, mstaafu wa kliniki ya meno, na mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba cha mtaa wa Larkspur Bend. Maisha yake yote ya kazi aliwaambia watu wapanue midomo, na leo mdomo wa kwake ulikuwa umegoma kufunguka.

Jibu alikuwa nalo. Jibu lilikuwa limejificha nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia, limebana pumzi katikati ya mashuka machafu. Jina lake Curtis Bledsoe, mhazini wa chama. Curtis alikuwa amechukua lile bomba la sindano analotumia kumdunga bata mzinga viungo kila Sikukuu ya Shukrani, akalidunga tikitimaji chupa nzima ya vodka na nusu ya pili, akidhani anawafanyia majirani hisani.

"Labda lilikuwa limeiva kupita kiasi," Verna alisema.

Bwana Oyler hakucheka. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye tai fupi, na kikombe chake hakuwa amekigusa. Katika nyumba hii hakuwa tayari kuonja kitu.

Kwa wewe uliyetukuta njiani, mambo yalianza hivi. Kwa miaka mitatu chama kilishindwa kufanya mkutano mkuu kwa kukosa akidi. Katiba yao inataka nusu ya wenye nyumba wafike, na waliokuwa wakifika hawakujaza hata benchi moja, mmoja wao akiwa amekuja kulalamikia mbwa wa jirani. Bila akidi hakuna uchaguzi, na bila uchaguzi hakuna mwenye mamlaka ya kutengeneza hata bomba linalovuja.

Ndipo Verna akapata wazo lake. Kila atakayekuja na kupiga kura apewe glasi ya kinywaji. Watu walifurika. Majirani waliokuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa rangi ya milango walikaa bega kwa bega. Verna akachaguliwa bila kupingwa, na kwa kuwa ni mtu makini, kazi yake ya kwanza katika kiti ilikuwa kupiga simu na kununua bima ya vileo ya siku moja. Baada ya hapo wakapasua tikitimaji.

Shemasi Harlan Peeples wa kanisa la Wabaptisti, ambaye hajui hata harufu ya bia, alikataa glasi kwa upole. Akala tikitimaji. Akala tena. Alasiri akapanda mashine yake ya kukatia nyasi, ile ya kukaliwa kama trekta, akaingia uwanja wa wote, akakata kwenda na kurudi mpaka akatumbukia bwawani. Akavunjika mtulinga, na akamvunja shingo korongo wa shaba, sanamu ambayo ndiyo fahari ya mtaa.

Sasa madai yako mahakamani. Bima ya chama isipolipa, yatamwangukia aliyeamuru pombe itolewe, yaani Verna. Hana cha kuchukuliwa ila nyumba hii yenye kibaraza alichokijenga marehemu mumewe, Dwight, kwa mikono yake. Kimepinda upande mmoja, na Verna hataki mtu akinyooshe.

"Bi Stallworth, ngoja nikurahisishie," Oyler alisema.

Akamweleza kwamba aliyetia si hoja. Hoja ni kama pombe ile iligawiwa au iliuzwa. Chama kikiwakirimu wageni, kampuni inasimama nacho hadi mwisho. Chama kikiuza, kampuni haimo kabisa.

"Tuligawa," Verna alisema upesi. "Hakuna aliyetoa hata senti."

"Lakini mtu hakupewa glasi mpaka apige kura."

"Ndiyo."

"Basi walilipa kwa kura. Kura ni kitu cha thamani."

Hapo Verna alipandwa na hasira, na hasira ikamfungua mdomo. Alimwambia kwamba yeye kura hizo amezibembeleza miaka mitatu, mlango kwa mlango, kwenye mvua na kwenye jua, na kuna bwana mmoja aliyemwambia afadhali ampe kura yake paka. Kama kuna kitu kisichotakiwa na mtu yeyote katika jimbo zima la Georgia, ni kura ya Larkspur Bend.

"Mimi ndiye niliyepata hasara," alimaliza. "Nimetoa kinywaji kizuri, nikapewa takataka."

Oyler alifikiri. Ilionekana hoja imemwingia.

"Naweza kuandika kwamba haukuwa mkutano," alisema. "Ilikuwa sherehe ya majirani, na kura ilikuwa mchezo wa kuchangamsha wageni. Hapo mtakuwa mmegawa, na kampuni italipa."

"Andika sherehe," Verna alisema. Alitaka kumbusu kwenye paji la uso. "Tena andika sherehe kubwa."

Kalamu iligusa karatasi, na mlango wa chumba cha kufulia ukafunguka kwa kishindo.

"Usiandike!"

Curtis alitoka na soksi ya mtu begani. Bwana Oyler alimtazama, kisha akamtazama Verna, ambaye alijifanya hajawahi kumwona mtu huyo.

"Mwenyekiti, ukisema ilikuwa sherehe, umejimaliza," Curtis alisema. "Kama haukuwa mkutano, hapakuwa na uchaguzi. Kama hapakuwa na uchaguzi, wewe si mwenyekiti. Ulikuwa mama mmoja tu kwenye sherehe, mwenye simu."

Oyler aliweka kalamu chini taratibu. "Na kama hakuwa mwenyekiti, bima ya siku moja ilinunuliwa na nani?"

"Hakuna," Curtis alijibu, kwa fahari ya mwanafunzi aliyepatia hesabu ubaoni.

"Curtis," Verna alisema, "rudi ulikotoka."

Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Ikiwa mkutano, pombe iliuzwa na bima hailipi. Ikiwa sherehe, bima yenyewe haipo. Verna alitazama kibaraza kupitia dirisha. Aliona kabisa mtu mgeni amekaa pale kwenye kiti cha Dwight, ameshika nyundo, anakinyoosha.

Kengele ya mlango ikalia.

Walikuwa ni wadai wenyewe. Shemasi Harlan, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni, na mkewe Nadine, amebeba sinia lililofunikwa karatasi ya alumini, mvuke ukilitoka pembeni.

"Tunakushtaki, mwenzangu," Nadine alisema mlangoni, "lakini kula lazima ule."

Usishangae, msomaji. Huku kwetu kushtakiwa na mtu si dalili kwamba amekununia. Shemasi hakumshtaki Verna kwa hiari yake. Bima yake ya hospitali ndiyo iliyolipia mfupa, sasa inataka fedha zake zirudi, na inazidai kwa jina lake apende asipende. Ndiyo maana tangu siku ya ajali Nadine analeta chakula nyumba ya pili, kwa mwanamke anayeshtakiwa na mumewe, na Verna anamrudishia masinia yakiwa yameoshwa.

Waliketi. Harlan alichagua kiti cha mbali. Ni mtu asiye na maneno, na yaliyo moyoni huyasema kwa mashine yake. Akifurahi anakata nyasi. Mama yake alipofariki alikata za kwao, akakata za jirani, akaendelea hadi mafuta yakaisha barabarani. Kila vuli mifereji ya paa la Verna hujikuta imesafishwa, na Harlan hajawahi kukiri kwamba ni yeye.

Leo alizungumza, macho yakiwa sakafuni.

"Nimekuja kusema kweli. Sikulewa. Lilikuwa jua."

Verna alielewa. Jumapili kanisa litakaa kumjadili. Shemasi aliyelewa mchana kweupe haongozi tena sala, na Harlan bila kanisa ni kama mashine yake bila uwanja.

Kilichomshangaza Verna ni Bwana Oyler. Alikuwa amenyanyua kichwa.

"Rudia hapo, Shemasi."

"Lilikuwa jua."

"Basi pombe haihusiki," Oyler alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uhai. Akawaeleza kwamba chama kina bima yake ya kawaida, ya miaka mingi, iliyonunuliwa na wenyekiti waliopita. Haigusi vileo, lakini inagusa bwawa lisilo na uzio. Mtu mwenye akili zake timamu akitumbukia humo, inalipa bila maneno mengi. Mkutano au sherehe, haijalishi tena.

 Nadine alimshika Verna mkono mezani na kuuminya. Walikuwa wamepona wote.

"Nitahitaji ushahidi kidogo kwamba alikuwa timamu," Oyler aliongeza.

"Ninao," Curtis alisema.

Siku ile alikuwa amerusha droni yake juu ya uwanja ili ahesabu vichwa, kwa kuwa katika mtaa huu hakosekani mtu wa kusema akidi haikutimia. Droni ilibaki hewani hadi betri ikachoka. Alikuwa na picha zote za video, ila hakuwahi kuzitazama kupita pale vichwa vilipokwisha. Akaisimamisha simu yake kwenye kopo la sukari, na wote wakasogeza viti.

Uwanja ulionekana kutoka juu, kijani kitupu, na mashine ya Shemasi ikiingia kama mdudu mwekundu.

"Tazama mstari huo," Curtis alisema. "Mlevi anaweza hivyo?"

"Umenyooka," Oyler alikubali, akaandika.

"Tazama anavyokata kona. Tazama. Anarudi kwa pembe ileile."

"Safi sana."

Harlan alikuwa amesimama. "Inatosha," alisema.

Hakuna aliyemsikiliza. Mdudu mwekundu aliteremka kwa mshazari, akapanda kwa mshazari. Akaruka nafasi, akachora mstari mrefu na vidole vitatu pembeni. Curtis alisifia kila kimoja. Verna alikuwa ameinamia simu, kwa maana yeye alianza kusoma kabla ya wengine, na kilichokuwa kikiandikwa anakisaini kila siku.

VERNA.

Jina lake, kubwa kuliko nyumba yake. Kutoka chini hakuna aliyeliona. Watu waliona vurugu ya nyasi tu, na kesho yake watunza bustani wakasawazisha kila kitu. Kila herufi ilikuwa imekatwa kwa utulivu wa mtu anayeandika anwani kwenye bahasha. Mguu wa mwisho wa A uliendelea, ukaendelea, mpaka ukafika bwawani, na korongo wa shaba akaanguka.

"Hii ya mwisho nayo nzuri ajabu," Curtis alikuwa akisema, halafu naye akaona.

Lazima niseme Verna alisikia nini, kwa sababu mwenyewe hatawahi kukisema. Alifurahi. Tangu Dwight afariki, jina lake lilikuwa likiandikwa na kampuni ya umeme tu. Furaha ilimpanda hadi masikioni, na nyuma yake ikaja aibu, maana mkono wa Nadine ulikuwa bado umeshika wake.

Mkono ukaondolewa.

Bwana Oyler alikohoa. Alikuwa mtu mwenye huruma yake, lakini faili ni faili.

"Shemasi, nahitaji jibu moja. Ni jua, au ni tikitimaji?"

Na hapo kila mtu mezani alipiga hesabu yake. Akisema jua, kampuni inalipa, nyumba ya Verna inapona na Jumapili inapita salama, ila Nadine anarudi nyumbani na mume aliyeandika jina la jirani akiwa na akili zake zote. Akisema tikitimaji, yale yalikuwa maneno ya pombe na Nadine anaweza kulala usingizi, ila Verna aanze kutafuta maboksi ya kufungia vyombo.

Harlan alitazama mikono yake. Akafungua mdomo.

"Alilewa," Verna alisema.

Wote wakamgeukia.

"Alilewa chakari, Bwana Oyler. Nilimwona kwa macho yangu. Hakujua anakata nini." Alipokuwa akisema alikiona kibaraza kikienda, mbao kwa mbao, lakini hakurudi nyuma. "Andika hivyo. Hakujua."

Curtis aliguna kama aliyekanyagwa. Harlan alimtazama Verna kwa namna ambayo haikumsaidia mtu yeyote.

 Nadine aliinuka, akalisogeza sinia katikati ya meza, akapangusa viganja kwenye sketi.

"Tulia, Verna," alisema. "Unadanganya vibaya. Kulewa alilewa, lakini hukumwona wewe. Nilimwona mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemlisha."

"Nadine," Harlan alisema.

"Curtis aliniambia kilichomo. Tena alinionya nisimpe."

"Nilimwonya," Curtis alisema kwa sauti ndogo.

"Nikampa. Kila kipande alichomaliza nikamwekea kingine, nikatoa na mbegu ili asichelewe." Alikuwa akimwambia Oyler, kwa ufasaha, kama anayempa mtu maelekezo ya kufika kanisani. "Nimeolewa na huyu nikiwa binti. Hasemi, bwana. Ukimuuliza kama anakupenda anakwenda kuwasha mashine. Nimezeeka nikimsikiliza akikata nyasi. Nikasema leo nitamlisha mpaka aseme. Nilitaka kujua akilewa atamwita nani."

Jokofu lilinguruma, likatulia.

"Sasa najua," Nadine alisema.

 Bwana Oyler alikuwa amefungua ukurasa mpya. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayekanyaga vigae vilivyolowa, kama Bi Peeples anaelewa maana ya alichokiri. Mtu akimlewesha mwenzake kwa makusudi, wa kwanza kulaumiwa ni yeye. Chama kinatoka kwenye kesi, na Bi Stallworth anatoka nacho. Madai yanahamia kwenye bima ya nyumba ya akina Peeples.

"Naelewa," Nadine alisema. "Ndiyo maana nimesema."

"Na bima ya nyumba yenu mmekata kampuni gani?"

"Yenu."

 Oyler aliomba radhi, akatoka kibarazani na simu. Walimsikia kupitia dirisha akimweleza mkubwa wake, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili taratibu zaidi. "Hapana, bwana. Tunaotetea chama ni sisi. Anayelaumiwa naye ana bima yetu." Mbao za Dwight zililia chini ya miguu yake, kwenda na kurudi.

Nyumba imepona. Verna aliliwaza hilo, akangoja ahisi nafuu, nafuu isije.

Nadine alikunja karatasi ya alumini kwa uangalifu, pembe kwa pembe. Kabatini mwa Verna anajua kila kitu kilipo. Alitoa sahani moja, akapakua kijiko kikubwa, akaongeza kingine, akaiweka mbele ya Verna pamoja na uma.

"Kuku, wali na uyoga," alisema. "Kama siku zote."

"Nanyi?" Verna aliuliza. "Sahani zipo."

"Sisi tulikula kabla ya kuja. Kula, shoga. Kinapoa."

Verna aliushika uma. Ni nani angekataa chakula cha mwanamke ambaye, muda huo huo, amemwokolea nyumba? Alichota. Aliuinua.

Kutoka kwenye kiti cha mbali, Harlan Peeples, ambaye kabla ya leo hajawahi kusema bila kuulizwa, alisema, macho kwenye uyoga.

"Bi Verna. Usile."

Nadine hakumgeukia. Alikuwa akimtazama Verna, na usoni mwake palikuwa na kitu kilichofanana sana na tabasamu.

"Umeona?" alisema. "Akitaka, anasema."

Uma ulibaki hewani, mvuke ukipanda, na kibarazani Bwana Oyler alikuwa amekata simu na anarudi ndani.